VPN Imeshika, Imeli Imekataa: Rada Ni Gani?

Uko keja Roysambu, VPN imeshika, WhatsApp inaingia, YouTube inabamba. Lakini Outlook? Inazunguka tu. Bosi anaitisha ripoti, we ushaanza kulaani wasee wa net. Tulia buda. Mara mob net haina makosa hapo.

Kompyuta haitafuti seva kwa jina, inataka namba. DNS, ile kitu Paul Mockapetris alitoa 1983, kazi yake ni kugeuza jina kuwa namba. Sasa seva ya imeli ya job inaweza kuwa na jina la ndani, lenye DNS ya ofisi peke yake ndio inalijua. Kama laptop yako bado inauliza raota ya keja ama 8.8.8.8 ya Google, ni kama kuuliza makanga wa Rongai nyanyako anaishi wapi huko Vihiga. Atajulia wapi?

Cheki hivi. Fungua ile skrini nyeusi ya komandi, andika nslookup afu jina la seva. Juu kabisa itakushow ni DNS gani imeulizwa. Ukiona 192.168.1.1, hiyo kawaida ni raota yako. Swali halijapita kwa VPN. Saa zingine Windows imeshikilia majibu ya kitambo. Piga ipconfig /flushdns, zima VPN, washa tena.

Kuna ingine noma: raota ya keja na ofisi zote zinatumia namba za kuanza na 192.168.1. Hapo laptop inadhani seva iko kwa sitting room yako, inaitafuta hapo hapo hadi inachoka. Badilisha raota yako iende 192.168.87 hivi.

Na kama imeli ndogo zinatoka lakini yenye PDF inakwama, wachana na DNS kwanza. Pakiti ya Ethernet kawaida hubeba hadi baiti 1500, na VPN inaongeza zake juu, so ile kubwa haitoshei. Kushusha MTU, yaani kipimo cha juu cha pakiti, hadi 1400 hivi huwa inasaidia.

Wenye siwaelewi kabisa ni wale wa kuandika 8.8.8.8 kwa mkono kwa laptop ya job, ati net iwe chapchap. Manze, umeiambia laptop isiulize ofisi kitu!

Ukipigia mbogi ya IT usidai tu "net imekufa." Watumie skrinshoti ya nslookup, jina la seva, na saa yenye ilikataa.