Oili Kuwa Nyeusi Si Kuisha

Mwenye Toyota IST anafika gereji, anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakifuta kwa kidole na kuuliza: "Fundi, imeshakuwa nyeusi, si nimwage?" Kesho yake anakuja mwenye Noah na swali lile lile. Keshokutwa ni mwenye Hilux ya dizeli aliyemwaga oili juzi tu, naye anadai ameuziwa feki kwa sababu imegeuka rangi. Swali hili limeulizwa mno, na mafundi wamelikuza kwa kujibu haraka, "Imeisha hiyo, bosi." Haijaisha. Au labda imeisha, lakini rangi siyo iliyomwambia fundi.

Petroli au dizeli ikiungua ndani ya silinda huacha masizi. Sehemu ya masizi hayo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Oili ya kisasa imetiwa viambato vya kuyapokea: vingine hung'oa uchafu kwenye chuma, vingine huizunguka kila chembe isishikane na mwenzake, ikabaki inaelea hadi siku ya kumwagwa. Chembe hizo ni ndogo kuliko mikroni moja, ilhali filta ya kawaida hukamata chembe za kuanzia mikroni 20 hivi. Ndiyo maana hata filta mpya haiwezi kuirudishia oili rangi ya asali. Weusi ule ni masizi yaliyobebwa. Oili ikishindwa kuyabeba, yanaganda ndani ya injini, na hapo ndipo hasara inapoanza.

Kwa dizeli, hoja ya rangi haistahili hata mjadala. Injini ya dizeli hutoa masizi mengi zaidi, na kila oili inapomwagwa hubaki kiasi cha ile ya zamani kwenye mikondo na kuta za injini. Injini ikiwashwa tu, mpya na ya zamani zinachanganyika. Hilux inaweza kuwa na oili nyeusi tii kabla haijamaliza siku ya kwanza barabarani, na oili hiyo ikawa na karibu nguvu zake zote. Kumtuhumu muuza spea kwa kigezo hicho ni kumwonea.

Baada ya rangi hufuata vidole. Fundi anaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, anatikisa kichwa na kusema imekuwa maji. Kwanza, gari limetoka barabarani sasa hivi na oili ina moto. Oili ya 5W-30 ikiwa na nyuzi joto 100 huwa nyepesi takribani mara sita kuliko ikiwa na nyuzi 40, hata kama imetoka kwenye galoni leo asubuhi. Pili, utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma kwenye beringi za injini una unene wa mikroni chache tu. Hakuna ngozi ya binadamu inayopima hilo.

Kinachoiua oili hakina rangi.

Viambato vinavyozima asidi hutumika kidogo kidogo mpaka vinakwisha. Misombo ya zinki inayolinda chuma kisisagike nayo hupungua. Petroli isiyoungua hujichanganya na oili na kuipunguzia uzito. Halafu kuna maji: lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji takribani lita moja, yakiwa mvuke. Mengi hutokea bomba la moshi, lakini kiasi fulani huingia kwenye oili, na injini isipopata moto wa kutosha hayakauki. Mshale wa joto kwenye dashibodi hautoi hakikisho, maana maji ya rejeta huwahi kupata moto kuliko oili.

Hapo ndipo imani ya rangi inapogeuka hatari. Gari la petroli linalotoka nyumbani, likapeleka watoto shule kilomita tatu, likarudi na kuzimwa, linaweza kukaa mwaka mzima na oili yenye rangi ya kupendeza. Mwenye gari anachomoa kijiti, anaridhika, anaahirisha. Kumbe oili ile ina maji, petroli na asidi. Inayotupwa mapema inampotezea mwenye gari pesa ya galoni moja. Inayoachwa kwa sababu inapendeza machoni inaweza kumfikisha kwenye kushusha injini.

Uchafu mbaya zaidi wala haufiki kwenye kijiti. Mwaka 2002 Toyota ilitangaza Marekani mpango wa kugharimia matengenezo ya injini zilizoharibiwa na oili iliyoganda kama jeli. Mpango huo ulihusu magari takribani milioni 3.3 ya matoleo ya 1997 hadi 2002. Jeli ya namna hiyo hunata juu, chini ya kifuniko cha valvu, na kuziba njia za oili. Kijiti huonyesha kile tu kinachotiririka chini.

Rangi moja tu inastahili kushtua: ile ya chai ya maziwa. Hiyo ina maana maji yamechanganyika na oili, pengine gasketi ya silinda hedi imekwenda. Gari lisiwashwe tena, livutwe mpaka gereji. Na oili ikiwa na vimetameta vya chuma, fundi atafute chanzo kabla ya kumwaga.

Sasa, ibadilishwe lini? Kwa magari ya petroli yasiyo na turbo, mwongozo wa Toyota kwa soko la Japani, yanakotoka magari mengi ya Dar es Salaam na Nairobi, unataja kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Kwenye matumizi magumu ni kilomita 7,500 au miezi sita. Matumizi magumu ni vumbi, safari fupi za kurudia-rudia, na injini kunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama, yaani foleni. Yenye turbo ni kilomita 5,000 au miezi sita, na nusu ya hapo kwenye matumizi magumu.

Kilomita nazo hazisemi yote. Kilomita 5,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa ni saa 83 za injini. Kwa mwendo wa foleni wa kilomita 15 kwa saa, ni saa 333. Kwa hiyo gari la mjini limwagwe oili kila kilomita 5,000 au miezi sita. La safari ndefu kwenye lami, lenye oili nzuri, lifike 7,500 bila hofu. Linalokaa tu uani nalo lihesabiwe miezi.

Habari za "oili ya elfu tatu" na "oili ya elfu tano" ziachwe. Kinachosomwa ni alama za galoni. Daraja la API SF ni la injini za 1988 kurudi nyuma, na IST ilianza kutengenezwa 2002. Itafutwe SN au SP, kwa uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Filta ibadilishwe kila mara. Kiwango kiangaliwe kila wiki gari likiwa limepoa, sehemu tambarare, kwa sababu injini nyingi hunoki kwa oili kupungua, si kwa kuwa nyeusi. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Ikusanywe kwenye dumu. Galoni tupu litobolewe hapo hapo gereji, mbele ya mwenye gari, lisije likajazwa oili feki na kurudi dukani.