Mashua ya Tanga Yataka Ubao wa Kushusha

Mtu aliyejiundia mashua huchoka upesi kupiga kasia. Basi hununua turubai, akasimamisha mlingoti, akatweka tanga, akadhani kazi imekwisha. Mimi nilifanya vivyo hivyo katika Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria. Asubuhi upepo wa bara ulinipeleka vizuri. Lakini nilipotaka kurudi kabla upepo haujageuka alasiri, mashua ilikwenda upande kama kaa, ikanitupa katika mafunjo. Nililala humo na njaa, na nyumbani watu walikwisha anza kulia.

Sababu ni hii. Upepo hausukumi mashua mbele tu, bali ubavuni pia. Jahazi lina mkuku mrefu unaoshika maji. Mashua yenye kitako bapa haina kitu cha kushikia. Dawa yake ni ubao unaoshushwa majini katikati ya mashua, na kupandishwa penye maji haba. Jambo hili si geni. Mwaka 1774 John Schank, afisa wa manowari za Uingereza, aliunda mashua ya namna hiyo huko Boston. Na mwaka 1800 merikebu ndogo Lady Nelson, yenye mbao tatu za kushusha, ilifika Sydney kutoka Uingereza.

Kwa mashua ya futi 14 yenye tanga la futi za mraba 80, ubao utakaozama chini ya kitako uwe kama futi za mraba 3. Mvule wa unene wa inchi 1 wafaa. Usiukate mkuku, maana ndio uti wa mgongo. Pasua ufa kando yake, upana wa inchi 1 na robo, ili ubao ukivimba usikwame. Juu ya ufa jenga sanduku jembamba lisilo na kitako wala kifuniko. Watu huogopa kwamba maji yatajaa ndani ya mashua. Hayatajaa, kwa kuwa maji hayapandi kupita usawa wa ziwa. Basi sanduku lipite usawa huo kwa inchi 6, mashua ikiwa na mzigo. Mahali pa kuvuja ni pale linapokutana na kitako: tia kalafati kwa uangalifu, kisha ulifunge sanduku kwenye mataruma na kiti cha katikati lisitikisike. Ubao uzunguke juu ya msumari mnene wa shaba pembeni mbele, ili ukigonga mwamba uinuke wenyewe.

Mlingoti usimame juu ya mkuku, upite katika tundu la kiti cha mbele. Katikati ya tanga pakae karibu sawasawa na juu ya ubao. Jaribu penye upepo mdogo: ukilegeza usukani, omo igeuke polepole kuukabili upepo. Ikiukimbia, laza mlingoti nyuma kidogo.

Hatimaye, kamba ya demani usiifunge kamwe. Ishike mkononi, upepo ukizidi uiachie. Chukua makasia na upo, na kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha. Ubao hukurudisha nyumbani, lakini haumzuii mzembe kupinduka.