Printa Isiyo na Waya: Kwa Nini Husema Haionekani?

Zamani nyumba iliyokuwa na cherehani ilijulikana mtaa mzima, na majirani walikwenda hapo kushonewa. Leo chombo kilichoshika mahali pa cherehani katika nyumba nyingi ni mashine ndogo ya kupigia chapa, ile iitwayo printa, na hasa ile isiyofungwa kwa waya, bali hupokea kazi yake kwa njia ya hewa kutoka katika kompyuta au simu ya mkononi. Baba hutaka barua ya kazi, mama hutaka hesabu za biashara yake, watoto hutaka mazoezi ya skuli na masomo ya madrasa, na wote hupeleka haja zao kwenye mashine moja iliyo pembeni mwa sebule. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Walakini twaona mara nyingi kuwa mashine hiyo, iliyonunuliwa kwa fedha iliyowekwa kidogo kidogo, hufanya kazi wiki mbili tatu, kisha siku moja kompyuta husema kuwa printa haionekani. Watu wa nyumbani huhangaika nayo siku mbili, halafu huifunika kitambaa, na juu yake huwekwa chupa ya maua.

Hasara hapo si ya fedha tu. Nyumba iliyoshindwa na printa yake hurudi dukani, na huko nakala za pasi, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, karatasi za benki na majibu ya hospitali hupelekwa kwa WhatsApp kwenye simu ya duka, zikabaki humo. Hatusemi kuwa wenye maduka hayo si waaminifu. Wengi wao ni watu wema wanaotafuta riziki ya halali. Lakini simu ya duka hushikwa na mikono mingi, na karatasi za faragha za jamaa ni amana ya jamaa. Kwa hivyo tumeona yafaa tueleze jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, kwani mara nyingi mashine yenyewe haina ubaya wo wote. Iliyopotea ni njia ya kuifikia.

Wengi hudhani kuwa mitandao ya kompyuta ilikuwepo kwanza, na printa ikaja kuungwa humo baadaye kama mgeni. Mambo yalikuwa karibu na kinyume cha hivyo. Huko Palo Alto, California, katika nyumba ya utafiti ya kampuni ya Xerox, Gary Starkweather aliunda katika mwaka 1971 printa iliyoandika kwa mwangaza wa leza. Ilikuwa mashine kubwa ya gharama, na haikuwezekana kila mfanyakazi awe na yake. Mwaka 1973 Robert Metcalfe na wenzake, mahali hapo hapo, walianza kuunda mtandao walioupa jina la Ethernet, na moja katika haja zilizowasukuma ni kuziwezesha kompyuta nyingi zilizo mezani mwa watu kuitumia printa ile moja. Wakati huo njia ilikuwa ni waya. Kanuni za kwanza za mtandao wa hewani, ambao leo twauita Wi-Fi, zilitolewa mwaka 1997. Wazee wetu waliposikia mara ya kwanza habari zikisafiri bila ya waya waliita jambo hilo simu ya upepo, na kwa maoni yetu jina lile lilieleza vizuri zaidi kuliko hili la sasa.

Basi katika nyumba yenye printa ya namna hii vyombo vinavyoshughulika ni vitatu: ruta, yaani kile kijisanduku chenye taa ndogo ndogo kinachogawa mtandao, printa yenyewe, na kompyuta au simu yenye kazi ya kupigwa chapa. Kwa kawaida simu haisemi na printa uso kwa uso. Hupeleka maneno yake kwa ruta, na ruta huyafikisha. Tuseme ruta ni baraza, na kila chombo kinachotaka kuzungumza na mwenziwe hapana budi kije kukaa katika baraza hiyo hiyo. Mtu aliyezima Wi-Fi katika simu yake akatumia data ya laini amekwisha toka barazani, ijapokuwa amekaa karibu na printa hata aweza kuigusa kwa mkono.

Kutokana na haya huja jambo linalowashangaza wengi: kupiga chapa nyumbani hakuhitaji intaneti. Maneno hutoka katika simu yakaenda kwa ruta, na kutoka kwa ruta yakaenda kwa printa, yote ndani ya kuta za nyumba. Bando likiisha, mradi ruta ina umeme, printa hufanya kazi kama kawaida. Ziko printa chache za siku hizi ambazo kampuni zao zimeshurutisha ziwe na intaneti daima, na mnunuzi afanya vema kuuliza jambo hilo kabla ya kutoa fedha yake. Ama nyumba isiyo na ruta, inayotegemea simu ya baba kuwagawia wengine intaneti, ijue kuwa simu hiyo ndiyo ruta yao. Baba akitoka nayo kwenda kazini, baraza yenyewe imekwenda naye, na printa hubaki yatima mpaka magharibi. Ruta ya zamani iliyotupwa kabatini, hata ikiwa haina laini wala bando, yatosha kuwa baraza ya printa, kwani kazi inayotakiwa ni kuunganisha tu.

Sasa mahali pa kuiweka. Ruta nyingi hutangaza mtandao kwa mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Haya ya pili huenda kwa kasi zaidi, lakini hudhoofika upesi yanapopita ukutani. Printa nyingi za nyumbani, hasa za bei nafuu, husikia yale ya 2.4 peke yake. Mara nyingi ruta hutoa majina mawili, na jina la pili huwa na tarakimu 5 mwishoni; basi mtu hulitafuta jina hilo katika printa asilione, akadhani mashine ni mbovu. Achague lile la kwanza. Tena atazame kuta zake. Katika nyumba za mawe za Mombasa, Lamu na Unguja, kuta za matumbawe na chokaa zilijengwa nene ili kuzuia joto, na huzuia mawimbi vile vile. Ruta ikiwa ukumbi wa chini na printa ghorofani nyuma ya kuta mbili za namna hiyo, mtandao utakatika kila mara. Isiwekwe pia karibu na jiko la maikrowevu, kwani jiko hilo hutumia mawimbi yaliyo karibu na 2.4, na huvuruga mtandao kwa muda wa kupasha chakula.

Kuiingiza printa katika mtandao si kazi ngumu. Ile yenye kioo, mtu huchagua jina la mtandao na kuandika neno la siri kwa uangalifu, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Isiyo na kioo hutangaza mtandao wake mdogo inapowashwa mara ya kwanza. Simu hujiunga nao kwa kitambo, na kwa programu ya kampuni iliyoiunda printa huipa jina na neno la siri la mtandao wa nyumba. Iko pia njia ya kitufe kiitwacho WPS: hubonyezwa cha ruta, na kabla ya dakika mbili kupita hubonyezwa cha printa, vikajuana vyenyewe. Njia hiyo ni nyepesi, lakini ile ya WPS inayotumia namba ya siri badala ya kitufe yafaa izimwe katika ruta, kwani tangu mwisho wa mwaka 2011 imejulikana kuwa namba hiyo yaweza kukisiwa kwa muda wa saa chache. Na ruta mpya zilizowekwa kwenye ulinzi wa WPA3 pekee huzikataa printa za zamani. Hapo ruta huwekwa ikubali WPA2 pamoja na WPA3.

Kwa upande wa simu mambo yamekuwa mepesi sana. Apple ilitoa AirPrint mwaka 2010, na mwaka 2013 kampuni za Canon, HP, Samsung na Xerox ziliunda umoja uitwao Mopria kwa ajili ya kanuni moja ya kupiga chapa. Printa yenye alama hizo haihitaji kuwekewa programu ya pekee katika simu. Ama kompyuta, ikiwa yahitaji programu ya kuiendesha printa, ichukuliwe kwa kampuni yenyewe tu. Mahali pengi katika intaneti hutoa programu za jina hilo hilo, kumbe ndani yake mna uharibifu.

Twaja sasa kwenye lile la baada ya wiki mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapokatia tamaa. Kila chombo kinapoingia barazani, ruta hukipa anwani, mathalan 192.168.1.23. Anwani hiyo si mali yake. Ameazimwa kwa muda. Umeme ukikatika, na kwetu hukatika, vyombo vyote huzimika, na unaporudi yawezekana ruta ikagawa anwani upya. Printa iliyokuwa 23 yaweza kuwa 31, na ile 23 ikapewa simu ya mtoto. Kompyuta haina habari. Yaendelea kugonga mlango wa 23, haijibiwi, ikasema printa haionekani. Printa i macho, ina wino na karatasi, inangoja katika mlango mwingine.

Dawa yake ni kuingia katika ruta na kuiamuru iiwekee printa anwani moja daima. Ruta nyingi zina mahali pa jambo hilo, pamoja na orodha ya vyombo vyote vilivyojiunga. Anwani ya printa huonekana katika kioo chake, au huipiga chapa yenyewe kwenye karatasi ya habari zake. Baada ya hapo iondolewe printa katika kompyuta na kuongezwa upya kwa anwani hiyo. Hiyo ni kazi ya nusu saa, hufanywa mara moja. Kwa dharura, zima vyote, washa ruta kwanza, ngoja dakika chache, kisha washa printa, na kompyuta mwisho.

Wakati printa imenyamaza haifai kubonyeza mara kumi. Kila mbonyezo huingia katika foleni, na njia ikifunguka zitatoka nakala kumi, na rimu ya karatasi si bure. Futa foleni kwanza. Na karatasi ya kujaribia isiwe somo la madrasa lenye aya, kwani karatasi za majaribio mwisho wake ni jaani. Mashine ina ukurasa wake wa majaribio, utumike huo.

Ikiwa anwani ni sawa na bado haionekani, tazama mambo mawili. Kompyuta za Windows huuhesabu mtandao kuwa wa umma au wa faragha. Aliyeuacha kuwa wa umma ameifanya kompyuta ijifiche, nayo haitafuti majirani. La pili ni mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi huutenga makusudi ili wageni wasivione vyombo vya nyumba. Kijana aliyeunga kompyuta yake huko kwa sababu neno lake la siri ni fupi hawezi kuiona printa.

Katika ofisi za skuli, za misikiti na za biashara, ambako printa moja hutumiwa na watu wengi, yatakikana uangalifu zaidi. Printa ni kompyuta ndogo, na ina neno la siri la msimamizi, ambalo aghalabu huachwa kama lilivyotoka kiwandani. Lisiachwe hivyo, wala ruta isifunguliwe ili printa ifikiwe kutoka nje. Novemba 2018 mtu mmoja alidai kuwa amezitumia printa 50,000 duniani zilizoachwa wazi namna hiyo, akazitolea karatasi za kumtangaza PewDiePie wa YouTube. Wenyewe walikuta karatasi zikitoka bila ya kuamrishwa. Yule alifanya mzaha. Mwingine angeweza kuziharibu.

Na mashine kubwa za ofisi, zenye kutoa nakala, nyingi zina diski ndani yake inayoweza kuhifadhi sura za karatasi zilizopita. Mwaka 2013 Affinity Health Plan ya New York, iliyoshughulikia bima ya afya, ililipa dola 1,215,780 katika sulhu na serikali ya Marekani, kwa kuwa ilirudisha mashine za kukodi bila ya kufuta diski zake, na humo mlikuwa na habari za wagonjwa. Printa ndogo ya nyumbani kwa kawaida haina diski hiyo, lakini hulikumbuka neno la siri la mtandao wa nyumba. Kabla ya kuuzwa, au kupewa jamaa, irudishwe hali ya kiwandani kwa amri iliyomo katika orodha yake ya mipango, kisha ipigwe tena ile karatasi ya habari zake, na itazamwe kama jina la mtandao limeondoka.