Kuhamisha Umiliki wa Ardhi Kati ya Mume na Mke: Hati Iandikwe Vipi

Wakazi wa Kewanja, Kerende, Nyangoto, Genkuru na Nyamwaga wanaujua uzito wa jina linaloandikwa kwenye karatasi ya ardhi. Mthamini anapofika shambani kwa ajili ya fidia, huuliza mwenye eneo ni nani, na jina analoliandika ndilo linalofika siku ya malipo. Mama aliyelima shamba hilo tangu alipoolewa anaweza kujikuta amesimama pembeni, hana karatasi ya kuonesha. Wanandoa wanaotaka kuliweka jambo hili sawa mapema hufanya hivyo kwa hati ya uhamisho wa umiliki.

Ifahamike kwanza kwamba hata kabla ya hati, mwanandoa ana haki zake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza, kuweka rehani au kutoa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inamtambua mwanandoa aliyechangia kwa jasho lake katika kuzalisha, kutunza au kuendeleza ardhi kuwa ana maslahi ndani yake, ijapokuwa jina lililoandikwa ni la mwenzake peke yake. Tatizo ni kwamba haki hiyo isiyoandikwa hubidi ithibitishwe kwa mashahidi, mara nyingi mume akiwa ameshafariki na mashahidi wenyewe wakiwa ni ndugu zake.

Kabla ya kuandika chochote, wanandoa waamue jambo moja: je, ardhi inahamishwa yote kwa mwenza, au jina lake linaongezwa ili wamiliki wote wawili? Wakichagua kumiliki wote wawili, ziko njia mbili, nazo hazifanani hata kidogo. Katika umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambao sheria imewaachia wanandoa, mmoja akifariki sehemu yake humwangukia aliyebaki. Haiingii katika mirathi wala kikao cha ukoo hakiigawi. Katika umiliki wa hisa, kila mmoja ana fungu lake, na fungu la marehemu hurithiwa na warithi wake. Hati isiposema ni njia ipi, sheria huchukulia kuwa ni hisa. Tumeona ni vema kulisisitiza hili kwa sababu wengi huandika tu "tunamiliki wote" na kudhani mjane amekwisha kulindwa.

Mji wenye wake zaidi ya mmoja unahitaji uangalifu wa pekee. Tuchukue mfano wa mzee mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba na shamba lake, ila karatasi ni moja kwa jina la mzee. Akimhamishia mke mdogo eneo zima, anakuwa ametoa pia nyumba ya ndoa ya mke mkubwa, na hati hiyo inaweza kupingwa na kubatilishwa. Njia salama ni kupima na kutenganisha maeneo kwanza, kisha kila mke kuandikiwa lake, wake wote wakiweka saini ya ridhaa.

Hati yenyewe si ndefu. Itaje majina kamili ya pande zote mbili kama yalivyo kwenye vitambulisho vya Taifa, namba ya hati au ya kiwanja, na kwa ardhi isiyopimwa, mipaka na majina ya majirani, sababu ya uhamisho, aina ya umiliki, na tarehe. Sababu iwe ya kweli. Kama ni zawadi, iandikwe zawadi. Kuandika mauziano ambayo fedha yake haikutolewa ni kujitafutia maswali yasiyo na majibu siku ya shauri. Asiyejua kusoma asomewe hati yote kwa lugha anayoielewa, Kikurya ikibidi, ndipo aweke dole gumba.

Kwa ardhi ya kijiji, taarifa ya uhamisho hupelekwa Halmashauri ya Kijiji, na mabadiliko yakiidhinishwa huingizwa kwenye masjala ya ardhi. Mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke haiwezi kuwa hoja ya kumkatalia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, imeibatilisha. Kwa kiwanja chenye hati miliki, saini huwekwa mbele ya wakili, ushuru wa stempu hulipwa, kisha hati husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati iliyosainiwa na kufungiwa sandukuni bila kusajiliwa haijahamisha umiliki.

Yapo pia maswali kuhusu nyumba ntobhu, ambapo mama asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake ili mji wake usife. Sheria ya Ndoa inatambua muungano wa mwanamume na mwanamke tu, hivyo wawili hawa si wanandoa kisheria, na kinga tulizozieleza hapo juu haziwafikii. Hakuna kinachomzuia mama huyo kumwandikia mwenzake hati ya zawadi au wosia, na kwa kweli yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kufanya hivyo angali hai.

Anayetaka kuanza afike kwa Mtendaji wa Kijiji akiwa na mwenza wake, karatasi halisi ya ardhi, vitambulisho na cheti cha ndoa kama kipo. Panapotokea mgogoro kuhusu ardhi ya kijiji, usuluhishi huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, ambao 3 kati yao sheria inataka wawe wanawake.