Vilele vya Usambara: Kweli au Si Kweli?

Magoma haina kilele cha kujivunia. Iko chini, wilayani Korogwe, kwenye bonde la Mto Lwengera, katikati ya mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa mistari. Lakini ukitaka kumaliza ubishi wa vilele vya Usambara, hapa ndipo pa kuanzia, maana ukisimama Magoma unaona kuta mbili. Magharibi ni Usambara Magharibi, iliyobeba Bumbuli, Soni na Lushoto. Mashariki ni Usambara Mashariki, fupi zaidi, yenye Nilo na Amani. Na ubishi haukosekani: vijiweni, ndani ya basi linalopanda kutoka Mombo, na siku hizi kwenye magrupu ya simu. Haya ndiyo yanayosemwa sana.

"Usambara ni mlima mmoja, umegawanywa kwa majina tu."

Si kweli, na anayebisha ashuke Magoma aone. Bonde la Lwengera limezikata safu mbili kuanzia juu mpaka chini. Mtu anaweza kusema bonde ni bonde, watu wanalivuka kila siku kwa bodaboda. Sawa, watu wanavuka. Kinyonga havuki.

Chukua kinyonga wa pembe mbili. Dume lake lina pembe mbili bapa zilizotokeza puani sambamba, kingo zake zina vijinomeno. Mchana huwezi kumwona kirahisi. Usiku ukimulika tochi vichakani unamkuta amelala kwenye ncha ya kitawi, amepauka mpaka anang'aa. Kwa miaka mingi wataalamu walimhesabu kuwa ni spishi moja, iwe ametoka Lushoto, Amani au milima ya Nguru. Mwaka 2008 wachunguzi walipowapanga upya waligundua kuwa wa Usambara Magharibi ni spishi yake, wa Usambara Mashariki ni wengine, na wa Nguru ni wengine tena. Safu mbili zinazotazamana, kila moja na vinyonga wake.

Ndiyo maana wanasayansi huiita milima hii visiwa. Msitu wa ukungu ndio nchi kavu, nyika yenye joto ndiyo bahari. Visiwa hivyo vinaanzia Taita nchini Kenya, vinashuka Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho, Udzungwa mpaka Mahenge, na vyote kwa pamoja huitwa Milima ya Tao la Mashariki. Ukishavitazama kama visiwa, swali la nani ana kilele kirefu linapungua uzito. La kuuliza kwanza ni nini kimekizunguka.

"Sehemu ya juu kabisa ni Irente."

Si kweli, ingawa naelewa kwa nini mtu akifika pale anaapa. Irente ni ukingo wa jabali. Ardhi inaisha ghafla mbele ya miguu yako, na chini kabisa unaona Mazinde, barabara kuu, na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Kinachotia kizunguzungu ni ule mporomoko. Urefu wenyewe kutoka usawa wa bahari uko nyuma yako.

Geuka, uelekee kaskazini ya mji wa Lushoto, uingie msitu wa Magamba. Huko ndiko ardhi inakopanda mpaka karibu mita 2,300, na Shagayu, upande wa Mlalo, nayo inapita mita 2,200. Tatizo la vilele hivi ni kwamba havina sura ya kilele. Ni migongo iliyofunikwa na miti, na ukifika juu unachokiona ni miti mingine. Hakuna mwamba uliochongoka wala theluji, wala mahali pa kupiga picha ya kumtumia shemeji. Basi sifa zote zinakwenda Irente.

"Basi angalau Usambara ndiyo mirefu kuliko milima yote ya Tao la Mashariki."

Hapana. Hata jirani yake tu anaizidi: Shengena, kwenye Pare Kusini, ina mita 2,462. Luhombero kwenye Udzungwa ina zaidi ya mita 2,570, na Kimhandu wa Uluguru, juu ya Morogoro, unapita mita 2,600 na ndio unaoongoza.

"Ni milima ya volkano kama Kilimanjaro."

Si kweli hata kidogo, na kosa hili limeenea mno, hata kwa watu waliosoma. Kilimanjaro ni mtoto. Volkano zake zilianza kumwaga uji wa moto yapata miaka milioni mbili na nusu iliyopita. Miamba ya Usambara ina zaidi ya miaka milioni 500. Iliokwa na kukandamizwa chini sana ya ardhi, kisha mapande makubwa ya nchi yakainuliwa kando ya nyufa, na hayo ndiyo milima tunayoiona. Kuinuka huko nako kulianza mamilioni mengi ya miaka kabla Kilimanjaro haijafikiriwa.

Umri huo ndio utajiri wake. Kilimanjaro, pamoja na mita zake 5,895, ina viumbe wachache wasiopatikana kwingine ukiilinganisha na Usambara isiyofika hata nusu yake. Msitu uliokaa mahali pamoja muda mrefu, unyevu wa Bahari ya Hindi ukiufikia hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, huzaa mambo ambayo mlima mgeni bado haujapata muda wa kuyazaa.

"Visiwa vya baharini havina milima ya maana, milima iko bara."

Kwa Unguja na Pemba, ni kweli. Sehemu ya juu kabisa ya Unguja, maeneo ya Masingini, inazidi mita 100 kwa kiasi kidogo tu, na Pemba nayo ni hivyo hivyo. Korogwe mjini iko karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, na Magoma iko juu zaidi kwa kuwa Lwengera inashuka kutoka huko kwenda Korogwe. Kwa hiyo mkata mkonge wa Magoma, anayejiita mtu wa bondeni, anaamka kila siku juu zaidi ya mtu aliyepanda kilima kirefu kuliko vyote Zanzibar.

Lakini ukienda Komoro hadithi inageuka. Karthala, kule Ngazija, ina mita 2,361, yaani inaipita Usambara yote. Ntringui wa Nzwani una karibu mita 1,600, sawasawa na vilele vya juu vya Usambara Mashariki na zaidi kidogo. Na Réunion, kusini zaidi, ina Piton des Neiges, mlima wa zaidi ya mita 3,000 katikati ya bahari.

Hapa pana jambo ambalo wabishi wa urefu hawalitaji. Karthala, pamoja na urefu wake na mvua nyingi inayoinyeshea, haiipi Ngazija mto hata mmoja wa kudumu. Ni volkano hai, lava yake ni changa na ina matundu, mvua ikinyesha inazama. Wenyeji wa vijijini wamezoea kukinga maji ya mvua kwenye matangi. Ilipolipuka Novemba 2005, majivu yaliingia kwenye matangi hayo na watu wakakosa maji ya kunywa. Usambara ya miamba mikongwe, fupi kuliko Karthala, inatoa Lwengera inayoingia Pangani, inatoa Umba unaokwenda kumwaga maji baharini karibu na mpaka wa Kenya, na inatoa Sigi, mto ambao jiji la Tanga linaunywa. Aliyefungua bomba Ngamiani asubuhi ya leo ametumia maji ya Usambara Mashariki, ile fupi.

"Kilele kikiwa kirefu ndipo mvua na viumbe huwa wengi."

Si kweli, na Usambara zenyewe mbili ndizo ushahidi. Ya Mashariki, inayoishia karibu mita 1,500 kule Nilo, ndiyo inayolowa zaidi. Amani, iliyo mita 900 hivi tu, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Lushoto, iliyo juu zaidi, hupata kama nusu ya hizo. Sababu ni nafasi tu. Amani iko kilomita zipatazo 50 kutoka pwani, hivyo upepo wa bahari unaigonga kwanza na kuutua mzigo wake hapo. Ukifika upande wa pili kabisa, nyuma ya Lushoto, unakuta nyika ya Mkomazi ambako mbuzi wanagombania kivuli.

Wajerumani waliliona hilo mapema. Kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo walikijenga Amani mwaka 1902, wakavipita vilele vyote virefu vya magharibi. Na ua lililoitangaza Usambara duniani halikutoka kileleni pia. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ulaya, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu madirishani huko Ulaya na Marekani, na wengi wanaolinunua hawana habari na Tanga. Porini linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na mengine yako chini kabisa, karibu na jiji la Tanga, mahali ambapo hakuna mtu angepaita mlimani.

"Wafalme wa Kishambaa walikaa kileleni ili wawaone maadui."

Inapendeza kusimulia, lakini si kweli. Vugha, makao makuu ya Wakilindi, ukoo wa Mbegha na baadaye Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862, haikuwa kwenye kilele cha Usambara. Washambaa walipenda kukaa kiunoni mwa mlima, karibu na ukingo. Hesabu yao ilikuwa ya chakula. Juu, Shambaai, palikuwa na migomba na mvua ya kutegemewa. Chini, nyikani, palikuwa na ardhi ya mazao mengine na wanyama wa kuwinda. Mwenye nyumba ukingoni alishika kote kuwili, na mwaka ambao upande mmoja umegoma, mwingine ulimwokoa. Huko juu kabisa kwenye baridi waliachiwa Wambugu na ng'ombe wao.

"Misitu ya vileleni haijaguswa, kwa kuwa ni mbali na kuna baridi."

Ingekuwa kweli, ningefurahi. Shume, juu kabisa ya Usambara Magharibi, ilikuwa na miti ya mwerezi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walitandika njia ya kamba za chuma kutoka huko mpaka stesheni ya Mkumbara chini, mbao zikawa zinaning'inia hewani juu ya mabonde hadi kwenye reli ya Tanga. Umbali haukuwazuia. Upande wa mashariki, miaka ya 1970 na 1980, misumeno ya viwandani iliingia mpaka ndani. Mwaka 2003 ikaja habari ya dhahabu Sakale, na watu wakachimbua vitanda vya mito ile ile inayoteremka kwenda Tanga. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, ilitangazwa mwaka 1997, tena baada ya miti mingi kukatwa.

"Joto la dunia likizidi, viumbe watapanda kileleni, watapona."

Nusu kweli. Kupanda wanapanda. Watafiti wamekuwa wakinasa ndege kwa nyavu katika misitu ya Usambara tangu miaka ya 1980, wakiwapima na kuwaachia. Walipolinganisha kumbukumbu za zamani na za sasa waliona kuwa spishi nyingi zimesogea juu.

Kasoro iko kwenye ile nusu ya pili. Ndege wa Magamba ana nafasi ya kupanda mpaka karibu mita 2,300. Wa Nilo anaishiwa mlima kwenye mita 1,500, na baada ya hapo ni anga. Kuhamia magharibi hawezi, kwa sababu ndege wengi wa chini ya msitu hawathubutu kuvuka hata shamba la wazi la upana mdogo, sembuse bonde zima lenye joto. Hata ndani ya Usambara Mashariki yenyewe misitu ilikwisha kukatika vipande, Amani ikabaki upande wake na misitu ya kaskazini upande wake.

Kuviunganisha vipande hivyo tena ndiko kulikozaa ushoroba wa Derema. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Chini ya miti yake wakulima walikuwa wakilima iliki, zao lililosomesha watoto wengi wa tarafa ya Amani, na miaka ya 2000 walitakiwa waiache kwa fidia. Waliohesabiwa mashina yao ya iliki walilipwa baada ya kungoja miaka, na wengi wao walilalamika kwamba kiasi hicho hakikulingana na walichokuwa wakivuna.