Mzimu wa Nani? Kusoma Riwaya ya Kiswahili Nakivale na Ruti

Kijana wa Nakivale anayefungua *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa 1960, hukutana na neno analolijua: Wanyarwanda husema umuzimu, na Wanyankore wa Ruti, Mbarara, husema omuzimu. Kwao ni roho ya marehemu. Katika riwaya, hata hivyo, mzimu ni mahali pa matambiko, ndipo maiti inapoonekana. Na Bwana Msa humsaka muuaji wa damu na nyama. Anayengoja roho itokee atangoja sana. Kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima, maelezo ya neno hilo yatangulie ukurasa wa kwanza.