Mtu Alipie Tangazo Lini?

Katika mambo yaliyoingia kwa nguvu katika biashara za watu wetu siku hizi ni matangazo ya kulipia katika simu. Zamani mwenye duka alitegemea mlango wake, jirani zake na jina lake jema. Leo kijana mwenye meza moja ya manukato yuaweza kulipa fedha kidogo, na picha ya mali yake ikaonekana Mombasa, Tanga na Maskati kwa usiku mmoja. Jambo hili kwa asili yake si baya, kwani kumjulisha mnunuzi bidhaa ya halali ni katika kutafuta riziki. Lakini kila jambo lina wakati wake, na twaona wengi wetu walikimbilia hili kabla ya wakati.

Alitujia kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu, uso umemsawijika. Mama yake na jamaa zake wanne hushona kofia za viua kwa mkono, kofia ambazo wajuzi huzipenda kuliko za cherehani. Ilipokaribia Ramadhani alikopa fedha kwa riba, akalipia tangazo katika Facebook na Instagram. Tangazo likafanya kazi yake: maagizo hamsini yalifika kwa siku chache, na wengi wakatuma fedha za mbele kwa M-Pesa. Lakini kofia moja ya mkono ni kazi ya wiki nyingi, na washonaji walikuwa watano. Idi ikafika, kofia hazikufika. Watu wakamwita mwizi mbele ya kadamnasi, katika ukurasa ule ule alioulipia. Alirudisha fedha za watu zote, na deni likabaki shingoni mwake. Mwizi hakuwa, ila aliwaita wageni kabla ya chungu kuinjikwa.

Basi yatupasa tujue kwamba tangazo ni ahadi. Na fikihi imeweka sharti juu ya mali inayolipiwa kabla ya kuwapo: sifa zake zijulikane, na muda wa kuitoa ujulikane. Asiyeweza kuutaja muda huo kwa yakini, wakati wake wa kutangaza haujafika.

Twaona dalili nne za kuwa wakati umefika. Ya kwanza, wanunuzi warejea wenyewe na kuwaleta wenzao. Bidhaa isiyorudiwa na jirani haitaponywa na tangazo, bali aibu yake itaenea mbali zaidi. Ya pili, mali iliyoko na mikono inayofanya kazi vyaweza kubeba wanunuzi wengi zaidi ya wa leo. Ya tatu, hesabu imeandikwa. Mwenyezi Mungu ametuamuru kuandika madeni katika aya ya 282 ya Surat al-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Itakuwaje mfanyabiashara asiyejua faida ya kitu kimoja anachokiuza? Ya nne, fedha ya tangazo yatoka katika faida, wala haitoki katika riba, wala katika chakula cha watoto. Ikipotea yote, nyumba isitikisike.

Tufanye mfano. Faida ya kofia moja ni shilingi 1,500, na tangazo la wiki moja limegharimu shilingi 6,000. Wakinunua watu watatu, mwenye mali amepata 4,500 na amekula khasara ya 1,500. Wakinunua wanne, amerudisha fedha yake tu. Faida yaanza kwa mtu wa tano. Hesabu hii mtoto wa chuo aiweza, lakini wengi huhesabu watu waliotazama picha wakasahau kuwahesabu walionunua.

Kwa hivyo aanze na lisilo na gharama. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, haina malipo: mtu huweka picha, bei na saa zake za kazi, akawajibu watu wake. Akiona maswali yazidi, na dalili nne anazo, ndipo alipe kidogo kwa wiki moja. Mwenye kulipa huchagua mji, umri wa watu na kiasi cha kila siku, na akitaka hulisimamisha. Ahesabu, kisha aongeze au aache. Wala asiweke biashara yake yote humo. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp, zote za kampuni moja, zilizimika duniani kwa muda wa saa sita hivi. Aliyekuwa na nambari za wateja wake katika daftari aliwapigia simu, na asiyekuwa nazo alikaa kimya.

Limebaki jambo lililo kubwa kuliko faida. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini mna maji, akamkemea mwenyewe kwa kuficha aibu ya mali yake. Picha iliyopambwa hata kofia ya cherehani ikaonekana ya mkono ni chungu ile ile. Kadhalika wako wanaonunua sifa za uwongo, watu wasiojulikana wakaandika kwamba bidhaa ni nzuri. Wanavyuoni wamekataza najshi, yaani mtu kupandisha bei mnadani bila ya kutaka kununua, ili kumghuri mwenziwe. Sifa za kununua zafanana nayo sana.

Kijana wetu amerudi katika kazi. Sasa hupokea maagizo ya kofia nne kwa mwezi, humtajia kila mtu siku yake, na deni alipunguza polepole. Tangazo hajalipia tena, na tumemwambia asione haya kungoja. Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki chumo za vijana wetu na azitakase na ghushi. Wabillahi tawfiq.